Mwendo wa Baba

Jumapili, 27 Februari 2011

Leo baada ya Misa ya pili Alfredi, mwenyekiti wa kwaya, ametuzuia tusiondoke. Akatangaza kwamba Jubilei ya parokia itakuwa tarehe 29 Mei, Askofu anakuja, na kwaya itaimba wimbo mpya ambao Baba yangu, Mzee Lukasi, mwalimu wa kwaya, ameutunga kwa ajili ya siku hiyo. Akaongeza kwamba Mzee Lukasi akishauimbisha wimbo huo atapumzika, na kabla ya hapo atamtaja mtu wa kushika nafasi yake. Watu wakapiga makofi. Baba akaitikia kwa kichwa, akachukua kofia yake akatoka. Mimi ninayeishi naye nyumba moja hapa Jorodom, Katesh, ninayempikia na kumfulia, nami nimesikia kwa Alfredi.

Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitagombana na watu. Nafasi ile naitaka. Tangu nirudi kutoka Babati, ndoa yangu ilipovunjika, mimi ndiye ninayepiga kinanda, ndiye ninayefundisha sauti ya kwanza na ya pili, ndiye ninayenakili nota za Baba ili watu wazisome. Sijawahi kumsikia akitaja jina langu mbele ya kwaya. Anasema, "Kinanda, tupe sauti." Kinanda kinatoa sauti. Kinanda hicho kilibatizwa, kikapata na kipaimara, kinaitwa Konsolata.

Siku ya Jubilei nataka aniite kwa jina, watu wasikie. Basi. Sidhani ni makuu.

Jumamosi, 5 Machi

Zoezi la kwanza la wimbo mpya. Aibu tupu.

Wimbo ni mzuri, sitamnyima haki yake. Unaanza kwa mwendo wa mtu anayetembea nyuma ya ng'ombe bila haraka. Unachangamka kwenye mavuno, unapungua tena, kisha inakuja sala, halafu unamalizia kwa ngoma. Shida ni kwamba mabadiliko yote hayo Baba hakuyaandika popote. Yako kwenye mkono wake. Na mkono wake wa kulia, tangu maradhi ya mwaka jana yalipompitia upande mmoja, unatetemeka. Akitaka polepole, vijana wanaona haraka. Sauti ya kwanza walimaliza ukurasa, besi bado wanahangaika na mstari wa pili.

Baba akawaambia hawana masikio. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba mkono wake haueleweki. Wote wakanitazama mimi, eti nikamwambie nyumbani.

Jumanne, 8 Machi

Mvua tangu asubuhi. Kwenye duka langu la steshenari kaja mteja mmoja, kutoa kopi ya cheti.

Jumamosi, 12 Machi

Zoezi limevurugika tena. Baada ya watu kuondoka nimepata wazo, nikamwendea Alfredi, na Alfredi akalipenda.

Kwenye kompyuta ya steshenari yangu kuna programu ya kuandikia nota. Unaziweka moja moja, ukimaliza unabonyeza, kompyuta inakuimbia sauti zote nne. Nitauingiza wimbo wote pamoja na mabadiliko ya mwendo, nimchezee Baba mpaka akubali, kisha nitoe kila sauti peke yake na kuwarushia watu kwenye simu. Siku hizi nani hana simu ya kupiga muziki? Hata kina mama wanaouza vitunguu pale sokoni wanasikiliza kwaya mchana kutwa. Wakiusikia wimbo kila siku wakipalilia maharage, utawakaa kichwani, na Baba akipunga vyovyote atakavyopunga hawatapotea.

Nilidhani Baba atakataa. Akasema, "Fanya." Sikumwelewa.

Jumatano, 16 Machi

Kuingiza nota ni kazi ya mikono tu. Kazi kubwa ni mwendo. Kompyuta ukiipa mwendo mwanzoni, inakwenda nao huo huo mpaka mwisho wa wimbo, haijali neno. Niliandika "polepole" juu ya mstari, vizuri kabisa, kwa herufi za mlalo. Ikapita pale bila hata kupunguza. Kumbe maneno yangu kwake ni mapambo tu. Inataka alama yake maalumu ya mwendo, na kwenye alama uweke namba, mapigo mangapi kwa dakika. Loveness, ambaye ananisaidia dukani na anaimba sauti ya pili, alicheka. Akasema kumbe kompyuta ni kama wanaume wa kwetu, haisikii mpaka uitajie hesabu.

Sasa namba za Baba nitazitoa wapi? Nikimwuliza ananiambia, "Mwendo wa kawaida." Kawaida ya nani?

Alhamisi, 24 Machi

Mgao wa umeme. Umekatika nikiwa katikati ya kuingiza ile sala ya wimbo, na sikuwa nimehifadhi. Nimelia.

Jumamosi, 2 Aprili

Wiki nzima Baba amekuwa akija dukani mchana, anakaa kwenye kile kiti cha wateja, mikono juu ya fimbo, ananiambia nicheze. Jumatatu alisema mavuno yanakimbia mno. Nikapunguza. Jumanne akasema yamelala. Nikaongeza. Jumatano akasema sasa ni afadhali, ila mwanzo umeharibika, na mwanzo sikuugusa. Alhamisi nilimrudishia kila kitu kama kilivyokuwa Jumatatu bila kumwambia. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema ndivyo alivyotaka tangu siku ya kwanza.

Nilitoka nje nikasimama barazani. Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani mpaka kwenye mabati ya majirani. Nilijiambia ni maradhi, mzee anasahau, nimvumilie.

Jana nimetoa sauti zote nne, na leo nimewarushia watu.

Jumamosi, 9 Aprili

Hili nitaliandika lote ingawa naona haya.

Kabla ya sala, pale wimbo unapopungua, nilikuwa nimeweka alama ya kupunguza mwendo taratibu. Programu ikapunguza vizuri. Nilichosahau ni kuweka alama nyingine baada ya pale, ya kuirudisha kwenye kasi. Ile mashine usipoiambia irudi, hairudi. Ikabaki na ule mwendo wa chini kwenye sala, ikaendelea nao kwenye ngoma mpaka mwisho. Mimi Ijumaa ile ya kutoa sauti nilikuwa na haraka ya kuwahi umeme, nilisikiliza mwanzo tu.

Watu wamekaa na wimbo ule masikioni wiki nzima. Leo wamefika, wamesimama, hawana wasiwasi, wameimba. Mwanzo safi, mavuno safi. Tulipofika kwenye ngoma, ile sehemu ya kurukaruka, wameiimba kama tunateremsha jeneza. Wote kwa pamoja, bila kosa hata moja. Besi walikuwa wamefumba macho. Baba akapunga mkono kuwaharakisha, akapunga, akagonga fimbo sakafuni, wao wakaendelea vile vile. Walipomaliza Alfredi akafuta machozi, akasema hajawahi kusikia ngoma yenye heshima kiasi kile.

Baba alibaki amesimama, mkono bado uko juu, anawatazama watu wake. Nilijua ananichukia muda ule.

Jumanne, 12 Aprili

Nimeweka alama ya kurudi. Nimetoa sauti upya, nimewarushia wote.

Jumamosi, 16 Aprili

Wanawake wameshika mwendo mpya. Besi bado wako msibani. Nimegundua wanarushiana wenyewe kwa wenyewe ule wa zamani, wanasema ndio waliouzoea. Nimewapanga mstari, nikafuta kwenye simu moja baada ya nyingine. Mmoja alinificha simu yake.

Jumapili, 24 Aprili. Pasaka

Mvua kubwa. Kuku mmoja, wageni wengi. Emanuel, mdogo wangu wa Arusha, amepiga simu, Baba akaongea naye mpaka salio likaisha, akicheka. Kwangu Baba hacheki hivyo.

Jumamosi, 30 Aprili

Leo nimejua, na ingekuwa heri nisingejua.

Kwaya sasa imeiva. Sauti zote nne zinaupiga wimbo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, tukiacha sala, na mabadiliko yote yako mahali pake. Basi leo Baba kaanza na kasi nyingine kabisa. Mwanzo kaukimbiza, mavuno kayaburuza. Watu walijitahidi kumfuata, wakashindwa, wakarudi kwenye ule wa simu, na yeye akawasimamisha na kuwafokea. Akarudia, safari hii kinyume chake. Nilikuwa namwangalia kutoka kwenye kinanda. Uso wake haukuwa wa mtu aliyesahau. Alikuwa anajua hasa anachokifanya.

Tukiwa njiani kurudi nilimwuliza. Nilimwambia, Baba, wiki ile dukani hukuwa umesahau, sivyo? Alikuwa anatafuta pa kukanyaga kwenye tope. Kisha akasema:

"Wakishajua wote mwendo, mimi nitasimama pale mbele kufanya nini?"

Nikamwambia mwendo ule ni wake, nimeuandika kama alivyotaka yeye.

"Umeuandika," akasema. "Ukishaandikwa si wangu tena. Angeweza kusimama hata mbuzi pale mbele, wangeimba."

Sikumhurumia. Nilitaka kumhurumia ila nilikumbuka wiki nzima ile, mgao wa umeme, wateja waliokuwa wananisubiri, na yeye amekaa kwenye kiti cha wateja akinichezea. Nimetangulia mbele nikamwacha aje na fimbo yake.

Jumatano, 4 Mei

Hatusemeshani sana. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, natoa chai.

Jumamosi, 7 Mei

Tumefika kwenye sala sasa, ambayo tulikuwa tukiiruka.

Baba ameitengeneza kwa namna ya slufay, ile sala ya wazee wetu. Mtu mmoja anasema maneno kwa Kiiraqw, anaomba mvua, anaomba amani, anabariki watu mmoja mmoja kwa majina, na waliokaa wanamwitikia kwa kuvuma. Sala haina mapigo. Msemaji anakwenda anavyojaliwa, wengine wanamngoja. Baba atasema yeye mwenyewe. Kwaya itavuma, mimi nitashikilia sauti zile zile kwenye kinanda. Akimaliza atainua mkono, nami nitabadili, na kinanda kikibadilika kwaya wanaingia kwenye ngoma. Ndivyo tulivyokubaliana.

Lakini kwenye kompyuta kitu cha namna hiyo hakipo. Ukiweka alama ya kushikilia, programu inakuuliza ishikilie kwa muda gani, na lazima uijibu. Nilipokuwa naandika mwezi wa tatu niliipa muda wa kukisia, kama sala fupi ya kabla ya kula. Watu wameuzoea muda huo. Leo Baba alikuwa bado anaomba mvua, sauti ya kwanza wakavuta pumzi kuingia. Nikawakazia macho, wakatulia.

Anataja watu. Leo ametaja Askofu, padre, wamisionari waliokufa, Alfredi, marehemu Mama, Emanuel wa Arusha, hata fundi aliyejenga mnara wa kanisa. Loveness alinigeukia nyuma ya mgongo wa mwenzake. Alikuwa anasikiliza kitu kile kile ninachosikiliza mimi.

Nimejiambia bado. Ni mazoezi tu.

Jumamosi, 14 Mei

Amemtaja Clement.

Hakungoja siku ya Jubilei. Mwisho wa zoezi amemwita mbele, akaweka mkono kwenye bega lake, akasema huyu ndiye atakayewaongoza. Clement ni teno, kijana mwenye adabu, na sol-fa nilimfundisha mimi, kwenye benchi la kanisa, akichanganya fa na la mpaka nikataka kumzaba kofi. Alivyoitwa alinitazama mimi kwanza. Alikuwa ameona haya. Nilimtabasamia, maana ningefanya nini? Watu walipiga makofi, nami nikapiga.

Nyumbani nilimuuliza Baba kwa nini. Nilimuuliza kwa adabu, nimekaa chini, sikupandisha sauti. Alinijibu kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza.

"Wewe umerudi nyumbani, Konsolata. Askofu akisema, mwalimu wa kwaya huyu mume wake yuko wapi, nitamjibu nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba mume wangu yuko Babati na mwanamke mwingine, ajibu hivyo, Askofu ni mtu mzima atasikia. Nilitaka kumwambia kwamba nyumba anayonihukumu ndani yake nimeijenga mimi kwa kopi za vyeti vya watu. Nikainuka nikaenda kupepeta maharage. Nilipepeta mpaka kibarazani pakawa peupe kwa makapi. Yamenifika hapa.

Jumapili, 15 Mei

Misa. Nimepiga kinanda. "Kinanda, tupe sauti." Nimetoa.

Jumatano, 18 Mei

Clement kaja dukani. Shikamoo dada, samahani dada. Anaomba nimwonyeshe kwenye kompyuta mwendo unabadilika wapi na wapi, maana Mzee anamchanganya. Nimemwonyesha wote, alama kwa alama. Angekuwa na kiburi ningemfukuza na roho yangu ingetulia.

Loveness anasema niache kwaya. Anasema wangeona cha moto. Nimefikiria. Nikiacha, wimbo unaanguka mbele ya Askofu na Baba anaaibika. Nimekaa na wazo hilo kitambo kirefu, lilikuwa tamu. Halafu nikafunga duka.

Jumamosi, 21 Mei

Zoezi la mwisho kabla ya juma la Jubilei. Baba leo hakumsumbua mtu. Amefuata mwendo wa simu tangu mwanzo mpaka mwisho, mkono wake uko nyuma kidogo ya kwaya, kama mtu anayesindikizwa. Sala ameisema kwa kifupi, karibu sawa na muda ule niliokisia. Alfredi kafurahi, anasema sasa Mzee na kompyuta wamepatana.

Nimebaki na tumaini moja, na hilo nalo nalionea haya. Uongozi umekwenda, sawa. Bado kuna majina. Siku yenyewe atakuwa amesimama mbele ya parokia nzima, vigango vyote mpaka Masakta, na atabariki watu. Jina langu lina silabi nne, halitamchukua muda.

Jumatano, 25 Mei

Mvua imekatika. Mahindi yameanza kukauka kwenye mabua. Tumepaka kanisa chokaa.

Jumamosi, 28 Mei

Emanuel amefika na shati jipya la Baba. Baba amelivaa kulijaribu, hakulivua mpaka jioni.

Jumapili, 29 Mei

Nimerudi. Watu bado wako kwa padre wanakula. Nimesema kichwa kinaniuma.

Kanisa lilijaa mpaka nje, walisimama hata wazee wa Kibarbaig waliokuja na migolole yao na hawasali kwetu, wamekuja kumwona Askofu. Wimbo wetu uliwekwa baada ya Komunyo. Baba akatoka mbele na shati lake jipya. Alinigeukia. Nikafikiri atasema kitu. Akasema, "Kinanda."

Nikatoa sauti.

Mwanzo walikwenda vizuri. Baba alikuwa anapunga, wao walikuwa wanakwenda na wimbo ule wa kwenye simu, na kwa bahati vikaendana, mtu wa nje asingejua. Mavuno yakachangamka palepale nilipoweka alama, yakapungua palepale. Nilikuwa nasikia kazi yangu ikitoka kwenye vinywa vya watu, na nilijua hakuna hata mmoja mle ndani anayejua ni yangu. Wote walikuwa wanautazama mkono wa Baba.

Sala ikaanza. Kwaya ikavuma, nami nikashikilia. Baba akaanza kusema, na sauti yake leo ilikuwa ya zamani, ile ya kabla ya maradhi. Akaomba mvua ije kwa wakati wake. Akaomba magonjwa yaende ng'ambo ya ziwa. Wale wazee wenye migolole walisikia kitu wanachokijua, hata kama lugha si yao, wakaanza kuvuma pamoja nasi. Kanisa lote likavuma. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile, na nasema hivi nikiwa na hasira.

Akaingia kwenye majina. Askofu. Padre. Wamisionari. Ule muda wa simu ukapita. Besi wakaanza kugusanagusana, mmoja akavuta pumzi, nikawatazama na kushikilia. Akataja Alfredi. Akataja wanakwaya waliofariki, kila mmoja na ukoo wake. Nikashikilia. Akataja Mama, Fransiska, na hapo sauti ikamyumba kidogo. Akataja Emanuel, na mke wa Emanuel, na watoto wa Emanuel ambao wamefika Katesh mara mbili tangu wazaliwe. Vidole vilianza kuniuma. Akataja Clement. Akataja baba yake Clement, na mama yake Clement, na mlima wanakochungia ng'ombe wa kwao.

Akanyamaza. Akainamisha kichwa. Mkono wake ulikuwa chini ya kiuno, unatetemeka kama kawaida yake.

Hakuwa ameuinua. Niliona wazi kwamba hakuwa ameuinua. Tulikubaliana akiinua nibadili, na hakuinua. Lakini nilijisemea, amemaliza. Kama mama yake Clement ametajwa na mimi bado, basi kwangu amemaliza, hata akiendelea mpaka usiku. Nikabadili.

Kwaya ikaingia kwenye ngoma kwa nguvu zote, kwa kasi ile niliyowawekea, besi na wote. Baba alikuwa ameinua kichwa, mdomo uko wazi. Niliona midomo yake ikicheza. Akainua mkono akausukuma kuelekea kwetu, kiganja kimefunguka, kuwazuia. Wao waliona mkono umeinuka, wakaongeza sauti. Vigelegele vikapigwa kanisa zima. Askofu akawa anapiga makofi kufuata mapigo. Baba akausukuma mkono mara moja tena, kisha akaanza kupunga kufuata ngoma, maana angefanya nini.

Tulipomaliza Alfredi alimkumbatia. Nilimsikia akisema hajawahi kuona kwaya ikimtii mwalimu wake kiasi kile. Baba akapokea mikono ya watu, mmoja mmoja, asante, asante. Hakunitazama.

Jumatatu, 30 Mei

Emanuel ameondoka na basi la asubuhi. Nimerudi kutoka stendi, nimemkuta Baba barazani, amevaa shati la siku zote. Nimemwamkia, ameitikia. Nimemwekea chai na viazi.

Alikula. Nilikuwa nimeshaanza kuondoa vyombo aliposema, bila kunigeukia:

"Ungenisubiri pumzi moja tu."

Nikamwambia niliona amenyamaza.

"Nilinyamaza nijikaze," akasema. "Nilikuwa nimekufikia wewe."

Nilibaki na sahani mkononi. Nikamtazama usoni kwa muda mrefu, kama nilivyomtazama siku ile ya mazoezi, nijue kama ananichezea. Nilishindwa kujua. Ni mtu aliyenigeuzia mwendo wiki nzima kwa makusudi, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Ni yeye huyo huyo aliyesimama jana na mdomo wazi, na midomo ile ilikuwa inasema kitu.

Nikamwuliza angesema nini. Nilimwomba aniambie sasa, tuko wawili tu.

Baba akasema sala ile haisemwi anapokuwepo msikilizaji mmoja tu. Inataka watu wa kuvuma. Kisha akaniomba maji ya kunawa, nikamletea, nikammiminia mikononi.